Kangaga la Boston Mwanza: Namna ya Kulikuza na Kulivusha Kiangazi

Watu wengi wa Mwanza hununua kangaga wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, likiwa limenawiri na majani yake yakifunika ukingo wa chungu, na ifikapo Agosti wanabaki na kichaka cha vijiti vya kahawia. Mwenye nyumba akiona majani yanakauka hudhani mmea una kiu, huongeza maji asubuhi na jioni, na mizizi iliyokuwa bado mizima huanza kuoza. Makangaga mengi katika mji huu hayafi kwa kukosa maji kwenye udongo. Yanakufa kwa sababu ya hewa kavu na upepo wa kuanzia Juni hadi Septemba, pamoja na joto linalotoka kwenye mawe, kuta na mabati, na ndiyo maana katika mwongozo huu suala la mahali pa kuliweka limetangulia suala la kumwagilia.

Kangaga linalozungumzwa hapa ni lile la majani marefu yanayoinama, ambalo wataalamu wa mimea huliita Nephrolepis exaltata, na hasa aina yake ya Bostoniensis, iliyoonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1894 miongoni mwa makangaga ya kawaida yaliyosafirishwa kutoka Philadelphia kwenda Boston nchini Marekani. Asili yake ni maeneo ya joto ya Amerika, ikiwemo Florida na visiwa vya Karibi. Afrika nayo ina ndugu zake, mmojawapo akiwa Nephrolepis biserrata, ambalo majani yake yanaweza kupita mita 2 likipata kivuli na maji ya kutosha, na karibu yote yanayoelezwa hapa yanalifaa pia.

Unaponunua, hakikisha kwanza kwamba unauziwa kangaga kweli. Kuna mmea mwororo wenye vijani vyembamba sana, unaopendwa na watengeneza mashada ya harusi, ambao mara nyingi huuzwa kwa jina hilo hilo. Huo ni Asparagus setaceus, jamaa wa asparaga inayoliwa; una vimiba kwenye shina, hutoa maua madogo meupe na matunda, na unastahimili ukavu kuliko kangaga. Kangaga halitoi ua wala tunda, hata likae miaka mingapi. Ukishajiridhisha, pekua katikati ya mmea utazame machipukizi: jani changa huchomoza likiwa limejikunja kwa ndani, limefunikwa na vinyweleo vya rangi ya kahawia, na mmea wenye machipukizi ya namna hiyo manne au matano, hata kama majani yake ya nje si mazuri, ni bora kuliko mmea wenye majani marefu usio na hata moja.

Ziwa lipo, unyevu haupo

Kukaa kando ya ziwa si kukaa kwenye unyevu. Mwanza hupata wastani wa takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha wakati wa vuli na masika, ilhali Bukoba, iliyo ufukwe wa magharibi wa ziwa hilo hilo, hupata takriban mara mbili ya kiasi hicho. Kwa hiyo mtu wa Bukoba anapomwambia shemeji yake wa Nyegezi kwamba kangaga halihitaji lolote zaidi ya kupandwa chini ya migomba, anasema kweli kwa upande wake, lakini shemeji akiufuata ushauri huo neno kwa neno atakuwa amelipoteza kabla ya vuli. Upepo wa kusi unaofika Mwanza katika miezi ya kiangazi huwa umeshapita juu ya eneo kubwa la nchi kavu, na unafika ukiwa mkavu. Upepo wa ziwani, ule unaoanza kuvuma mchana jua likishaipasha ardhi, huwa na unyevu zaidi. Hata hivyo nao ukipiga moja kwa moja kwenye jani jembamba hulikausha, kwa kuwa hauiachi hewa yenye unyevu itulie kando ya jani hilo.

Anayetaka kuona jinsi kangaga linavyopenda kuishi atazame ndani ya mafunjo ya ufukweni. Humo huota kangaga la kinamasi, Cyclosorus interruptus, mizizi yake ikiwa kwenye tope na majani yake yakiwa katikati ya mabua yanayovunja upepo na kuchuja jua. Hayo ndiyo ya kuigwa nyumbani: hewa iliyotulia na mwanga uliochujwa. Kuhusu joto hakuna haja ya kuhangaika sana. Kangaga la Boston hustawi kati ya nyuzijoto 18 na 27, na Mwanza, iliyo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, haina baridi ya usiku ya kulidhuru. Tatizo la joto hapa ni la mahali padogo, yaani chini ya bati lisilo na dari au mbele ya ukuta uliopigwa jua mchana kutwa.

Sasa fikiria upande wa nyumba. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini kwa miezi inayobaki. Baraza linaloelekea kusini huwa na kivuli kiangazi chote, wakati ambapo kangaga linakihitaji zaidi, na jua linaporudi upande huo mawingu ya vuli yanakuwa yameanza. Dosari yake ni kwamba upepo wa kusi nao hutokea upande huo, hasa kusini-mashariki, kwa hiyo baraza la namna hiyo linahitaji kizuizi upande wa mashariki: ukuta, ua wa michongoma, au mkeka wa mafunjo ulioning'inizwa kwenye nguzo mbili, ambao kwa maoni yangu ni bora kuliko ukuta, kwa kuwa hupunguza kasi ya upepo bila kuutupa kwa nguvu upande wa pili. Ukuta wa magharibi ndio mbaya kuliko zote, maana hupokea jua kali la alasiri na kuendelea kutoa joto baada ya magharibi. Anayelazimika kuweka mimea mahali palipo wazi atandaze juu yake wavu wa kivuli unaozuia asilimia 50 hadi 70 ya mwanga, au aiweke chini ya mwembe wenye majani mazito.

Kupima mwanga si kazi ngumu. Weka karatasi nyeupe mahali unapokusudia kuweka chungu, saa sita mchana, kisha nyoosha mkono juu yake kwa umbali wa takriban sentimita 30. Kivuli cha mkono kikionekana kwa kingo kali, mwanga umezidi. Kisipoonekana kabisa, pana giza na mmea utadhoofika polepole. Kikionekana lakini kingo zake zimefifia, hapo ndipo.

Wenye nyumba za vilimani, kuanzia Isamilo hadi Bugando na Capri Point, wana neema na adha ya mawe. Jiwe kubwa la matale hufyonza joto mchana na kulitoa jioni hadi usiku, na chungu kilichowekwa juu yake au kuegemezwa upande wake wa magharibi kitapikwa. Lakini chini ya jiwe hilo hilo, upande wa kusini, hali ni tofauti. Mvua inayonyesha juu ya jiwe haina pa kuzama, hivyo huteremka yote hadi kwenye kitako, na udongo uliojikusanya hapo hupata maji mengi kuliko udongo wa uwanjani. Mizizi nayo hujipenyeza chini ya jiwe, ambako unyevu hudumu siku nyingi baada ya mvua kukatika. Mawe mawili yaliyokaribiana na kuacha upenyo baina yao ni bora zaidi, mradi upenyo huo usiwe mkondo wa upepo, jambo unaloweza kulijua kwa kusimama hapo alasiri ukiwa umeshika ukanda mwembamba wa karatasi. Hapo ndipo mahali pekee Mwanza ambapo ningemshauri mtu apande kangaga ardhini badala ya kwenye chungu: chimba shimo la kina cha sentimita 30, toa kichanga, jaza mchanganyiko unaoelezwa hapa chini, kisha tandaza majani makavu juu yake.

Ndani ya nyumba, liweke karibu na dirisha lenye mwanga lakini mbali na miale ya jua, na mbali kabisa na feni na kiyoyozi. Bafu lenye dirisha ni mahali pazuri ambapo wengi hawapafikirii.

Udongo na chungu

Kichanga cha Mwanza, kile ambacho Wasukuma hukiita luseni, hupitisha maji upesi mno na hakina chakula cha kutosha, na udongo mweusi wa mbuga hufanya kinyume chake, kwani hushika maji mpaka mizizi inakosa hewa, kisha ukikauka hupasuka na kuikata. Vyote viwili havifai vikiwa peke yake. Mchanganyiko unaofaa ni makopo mawili ya mboji ya majani yaliyooza vizuri, kopo moja la mchanga wa chenga kubwa, kopo moja la pumba za mpunga zilizochomwa, na konzi moja ya vipande vidogo vya mkaa. Pumba hupatikana kwenye mashine za kukoboa mpunga. Namna ya kuzichoma ndiyo yenye siri: zichome kwa moto wa chini kwa chini hadi ziwe nyeusi, na kabla hazijaanza kugeuka kijivu uzimwagie maji. Zikifika hatua ya kijivu zimekuwa majivu, na majivu hupunguza asidi ya udongo, ilhali kangaga hupenda udongo wenye asidi kidogo, yaani wenye pH (kipimo cha asidi) ya kati ya 5 na 6.5. Kwa sababu hiyo hiyo majivu ya jikoni yasikaribie chungu cha kangaga, ingawa kwa mimea mingine watu huyatumia kwa faida.

Samadi ya mbuzi au ya ng'ombe inaweza kuongezwa, nusu kopo kwa mchanganyiko wote, iwapo imekaa muda mrefu kiasi cha kutonuka wala kutoa joto. Wakazi wa ufukweni wenye magugu maji yaliyorundikwa wanaweza kuyafanya mboji: yakatekate, yaanike juani hadi yakauke kabisa ili yasichipue upya, kisha yarundike pamoja na majani makavu na uyageuze mara kwa mara mpaka yasitambulike. Magugu maji hufyonza madini mazito kutoka kwenye maji machafu, kwa hiyo mboji yake ni ya maua; isipelekwe kwenye mchicha.

Chungu cha udongo na cha plastiki vyote vinafaa, na tofauti yake ni kwamba cha udongo hupoteza maji kupitia ubavuni na kitahitaji kumwagiliwa mara nyingi zaidi. Ndoo tupu ya rangi, ikioshwa na kutobolewa matundu sita au zaidi chini, ni chungu kizuri kwa mmea uliokwisha kukua. Usiuhamishe mmea mdogo moja kwa moja kwenye chombo kikubwa. Chungu kipya kiwe kipana kuliko cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu, kwa sababu udongo mwingi usio na mizizi hubaki na maji yasiyonyonywa. Unapopanda, kitovu cha mmea, pale majani yanapochipukia, kibaki usawa wa udongo kama kilivyokuwa. Kikifukiwa kitaoza.

Maji

Sheria ya "kila siku mara mbili" haina msingi. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza: kukiwa na unyevunyevu, ondoka, kukianza kukauka, mwagilia. Baada ya wiki kadhaa utaanza kutambua kwa kunyanyua chungu, maana chungu kilichokauka huwa chepesi kwa kiasi kinachohisika mkononi. Ukimwagilia, mwagilia kwa ukamilifu mpaka maji yatoke chini, kisha acha yachuruzike yote. Kumwaga kikombe kidogo juu juu kila siku hulowesha sehemu ya juu tu na kuiacha mizizi ya chini katika ukavu, na huyaacha machumvi yajikusanye. Asubuhi ni wakati mzuri, kwa kuwa majani yaliyolowa hupata muda wa kukauka kabla ya usiku. Vyungu vya kuning'iniza hukauka mapema kuliko vya chini, na katika wiki zenye upepo mkali wa Julai na Agosti ni busara kuviteremsha.

Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tenki ndiyo bora. Maji ya bomba yawekwe kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria yataacha ukoko huo huo kwenye udongo wa chungu, na ncha za majani zitaungua. Maji ya ziwa yanafaa kwa mmea, kwa sababu chumvi yake ni kidogo. Hatari yake ni kwa mchotaji. Kichocho kipo katika mwambao huu, na konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hapo hapo ambapo mtu huingia kuchota. Hakuna kangaga linalostahili mtu kuingiza miguu humo.

Kutengeneza hewa

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa na wengi. Wengine hununua chupa ya kupulizia na kunyunyizia majani mara kadhaa kwa siku, lakini matone hayo hukauka kwa dakika chache na hewa hurudi kama ilivyokuwa. Kunyunyizia huondoa vumbi, na huishia hapo. Kinachosaidia ni maji yanayovukiza muda wote karibu na mmea. Chukua sinia pana, jaza kokoto, mimina maji yafike chini kidogo ya sehemu ya juu ya kokoto, kisha weka chungu juu yake ili kitako kisiguse maji. Kwa ajili ya mbu, maji hayo yamwagwe na kubadilishwa mara mbili kwa wiki, na kokoto zioshwe zinapoanza kuteleza.

Njia yenye nguvu zaidi ni chungu ndani ya chungu. Tafuta chungu kikubwa cha udongo kisichopakwa rangi, weka ndani yake kile chenye mmea, jaza mchanga katika nafasi iliyo baina yao na uuweke mchanga huo ukiwa umelowa daima. Maji hupenya polepole kwenye ukuta wa chungu cha nje na kuvukiza, kama ilivyo kwa mtungi wa maji ya kunywa, na mmea huzungukwa na hewa baridi na yenye unyevu. Vyungu vyote viwili viwe na matundu chini. Baraza la sakafu ya saruji nalo limwagiwe maji saa sita mchana siku za joto kali, na mimea iwekwe kwa kundi badala ya mmoja mmoja, kwa kuwa kila mmea hutoa unyevu unaowafaa majirani zake. Makangaga matano yaliyobanana kwenye kona moja hushinda kiangazi kwa urahisi kuliko makangaga matano yaliyotawanywa nyumba nzima, hata kama mpangilio wa pili unapendeza zaidi machoni.

Mbolea ina umuhimu mdogo kuliko wauzaji wanavyodai. Kuanzia Oktoba hadi Mei mpe mmea mbolea ya NPK (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya kuyeyusha mara moja kwa mwezi, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ukiwa umeshamwagilia maji matupu kwanza. Kiangazi usimpe kitu.

Kusoma majani

Jani la kangaga hueleza shida yake waziwazi kwa anayejua kulisoma. Ncha zilizokauka wakati jani zima ni kijani huashiria hewa kavu au machumvi kwenye udongo. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, pitisha maji mengi ya mvua kwenye chungu mpaka yatoke chini mara tatu au nne. Majani ya chini yakigeuka manjano na kulegea huku udongo ukiwa umelowa, mizizi inaoza: lichomoe, kata mizizi yote myeusi na laini, panda upya kwenye mchanganyiko mkavu kiasi. Vijani vikipukutika na kuacha mshipa mtupu, mizizi ilikauka kabisa siku chache zilizopita. Rangi iliyopauka mmea mzima ni jua lililozidi. Jani moja moja la nje kuzeeka ni jambo la kawaida, na hukatwa kwenye shina lake kwa mkasi safi. Nyuzi nyembamba za kijani au kahawia zisizo na vijani, zinazotokea katikati na kuning'inia, hazijafa wala si ugonjwa. Ndizo ambazo mmea hutumia kutambaa na kuzaa mimea mipya.

Jambo linalowatisha wengi ni vidoa vya kahawia chini ya majani, na wapo waliopulizia dawa ya wadudu mmea usio na mdudu hata mmoja. Geuza jani na ulitazame kwa karibu, ikiwezekana kwa kamera ya simu. Vidoa vilivyojipanga kwa safu mbili, moja kila upande wa mshipa wa kila kijani kidogo, vikiwa na umbali sawa baina yao na umbo la duara au figo, na vikiwa upande wa chini peke yake, ni vifuko vya spora, yaani vumbi laini ambalo kangaga huzaliana kwalo badala ya mbegu. Wadudu magamba, yaani wadudu wadogo wanaojibandika kwenye mmea wakiwa wamefunikwa na gamba, wao hawana mpangilio: mmoja yuko kwenye mshipa mkuu, watatu wamerundikana kwenye kikonyo, mwingine yuko upande wa juu. Ukimkwangua mdudu gamba kwa ukucha hubanduka akiwa mzima na kuacha mahali pake pakiwa na unyevu. Dalili nyingine ni majani yanayonata, na sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye chungu bila sababu inayoonekana, kwani wanafuata utomvu mtamu unaotolewa na wadudu hao.

Ukithibitisha kuwa ni wadudu magamba au vidung'ata (wadudu wadogo weupe kama pamba), kata majani yaliyoathirika sana uyachome, na mengine uyafute kwa kitambaa kilicholoweshwa kwenye maji yenye sabuni kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Jaribu kwanza kwenye jani moja na usubiri siku mbili, kisha suuza kwa maji safi kila unapomaliza. Kangaga huunguzwa kwa urahisi na dawa zenye mafuta, hata ile ya mwarobaini, kwa hiyo kitambaa na subira ni salama kuliko bomba. Utitiri hujitokeza hewa inapokuwa kavu, na tiba yake ni kuosha majani na kurekebisha hewa yenyewe. Konokono hula machipukizi usiku. Waokote kwa mwanga wa tochi. Vijidudu vya ziwani vinavyoinuka kwa makundi juu ya maji na kujazana barazani penye taa havili mmea, bali hunata kwenye majani yaliyolowa, na vinatosha kuoshwa asubuhi.

Kangaga lililokauka lote lisitupwe kabla ya kukaguliwa. Kwangua kidogo kitovu chake: kikiwa kigumu na cheupe au cha kijani ndani, kata majani yote yabaki sentimita 5, zamisha chungu kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa, acha kichuruzike, kiweke kivulini na uweke udongo ukiwa na unyevu kidogo tu. Machipukizi yatatokea baada ya wiki kadhaa. Kitovu kilicho cheusi na laini hakirudi.

Kuzidisha

Wakati mzuri wa kugawa ni mwanzo wa vuli, Oktoba au Novemba, na wa pili ni Machi. Mwagilia siku moja kabla. Chomoa mmea, weka ubavu wake kwenye gunia, na uukate kwa kisu kikali kilichosafishwa, kila kipande kikiwa na vitovu visivyopungua vitatu na mizizi yake. Punguza theluthi moja ya majani ya kila kipande, kwa kuwa mizizi iliyokatwa haiwezi kuyanywesha yote, kisha panda na uweke kivulini kwa wiki tatu. Njia ya polepole lakini isiyo na hasara ni kuukandamiza uzi mmoja wa kutambaa juu ya udongo wa kopo dogo kwa kipande cha waya kilichokunjwa, na kuukata kutoka kwa mama baada ya mmea mchanga kuwa na majani manne.

Kwa mimea michanga inayosinyaa, tumia kibanda cha unyevu. Daktari Nathaniel Ward wa London aliligundua jambo hili mwaka 1829 bila kulitafuta: aliweka pupa wa nondo (nondo akiwa bado ndani ya gamba lake) kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa iliyofunikwa, na kangaga likaota lenyewe humo, katika mji ambao moshi wake ulikuwa unayaua makangaga ya bustani yake. Dumu kubwa la maji ya kunywa la plastiki angavu, likikatwa kitako na kufunikwa juu ya chungu, hufanya kazi hiyo hiyo. Liondoe nusu saa kila siku, na lisipigwe na jua hata kidogo.

Ziada usiitupe kwenye korongo wala ufukweni. Makangaga ya jamii ya Nephrolepis yameshageuka magugu katika nchi kadhaa, na Salvinia molesta, ambalo nalo ni kangaga, la kuelea, ni gugu baya la maji lililotokea Brazili na kuenea duniani kwa njia kama hizo. Vivyo hivyo, usichimbe makangaga ya mwitu kwenye hifadhi za taifa za Saanane na Rubondo. Huko ni marufuku kuondoa mmea wowote.

Spora ni za mwenye subira, na kangaga la Boston mara nyingi hutoa spora zisizoota, kwa hiyo jaribu kwa Nephrolepis biserrata au jingine la kienyeji lililo bustanini kwa mtu. Kata jani ambalo vifuko vyake vimekuwa vya kahawia iliyoiva, lifunge ndani ya karatasi kavu kwa siku mbili, na vumbi laini litakalobaki ndilo spora. Mimina maji yanayochemka kwenye kopo la mboji iliyochekechwa ili kuua mbegu za ukungu na magugu, liache lipoe likiwa limefunikwa, nyunyiza vumbi hilo juu juu bila kulifukia, na ufunike kwa plastiki angavu. Baada ya wiki kadhaa utaona utando wa kijani, na ukitazama kwa karibu ni vijani vidogo vyenye umbo la moyo, kila kimoja cha milimita chache. Katika hatua hiyo nyunyizia maji safi yaliyochemshwa na kupozwa mpaka uso wote ulowe, kwa sababu mbegu za kiume za kangaga huogelea kulifikia yai na bila maji hayo hakuna mmea utakaotokea. Vijikangaga vikifika sentimita 3 vihamishwe kwa vifungu kwenye makopo, kifuniko kilegezwe kidogo kidogo kwa wiki mbili, na kazi hiyo ya kuvizoesha hewa ya nje isifanywe kati ya Juni na Septemba.